Shangazi na Namba Tasa ya Malaba

Mpendwa Shangazi,

Leo tumekusanyika nyumbani Khunyangu kukukumbuka, nami nimewaomba ndugu waniruhusu niseme nawe kwanza, wao wasikilize. Wameandaa maneno ya jiwe la kaburi lako. Mstari wa mwisho unasema: “Hakujaaliwa mtoto.” Kabla fundi hajauchonga, turudi kidogo mpakani Malaba.

Unaikumbuka ile likizo? Foleni ya malori ilipotelea kwenye ukungu wa asubuhi, nawe ulikaa nyuma ya beseni lako la omena, wale dagaa wa Sio Port. Mimi nilisoma namba za makontena nikizigawanya, kama mtu anavyobangua karanga. 318318 ilipasuka upesi: saba, kumi na moja na kumi na tatu zote zilikuwamo ndani. Kisha ikaja 999983. Lori lake lilikwama siku mbili likisubiri karatasi, na siku mbili hizo nikahangaika nayo.

“Bado imekukatalia, mama?” ukaniuliza.

“Imekataa kabisa, Shangazi. Hii ni namba tasa.”

Jirani yetu, muuza ndizi, akacheka. “Kumbe hata namba kuna tasa? Basi dada, umepata mwenzako.”

Ulifunga omena kwenye gazeti, ukakunja pembe zake polepole, mara mbili. Lori likanguruma, likaanza kuelekea Uganda. Ulilitazama mpaka likawa doa.

“Iache ipite,” ukasema. “Nayo ina kwao.”

Kwangu “tasa” lilikuwa neno la kitabuni. Kwako lilikuwa jina ulilotupiwa tangu ulipoachika. Niliona haya kukuomba radhi, nikaahirisha, nikawa mtu mzima, ukalala.

Nisikilize sasa, maana siku ile nilikuambia nusu tu. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hiyo ndiyo nusu uliyoisikia. Nusu ya pili ni kwamba kila namba nzima inayozidi moja, isipokuwa tasa yenyewe, imepatikana kwa kuzidisha tasa kwa tasa. Hata ile 318318. Hata namba ndefu kuliko foleni ya Malaba. Waliozipa jina hilo walitazama kisichoingia ndani yake, wakasahau kutazama kinachotoka.

Nikipita mpakani siku hizi, nahisi kwamba lile lori bado linakwenda, mbali huko kwenye ukungu, na namba yake nzima ubavuni.

Hapa tumesimama watatu uliotulea: Nekesa, Wandera, nami. Mtu akitupasua kama nilivyozipasua zile namba, atakukuta ndani ya kila mmoja wetu. Kwa hiyo nimemwomba fundi asiuchonge ule mstari, na ndugu wamekubali.

Lala salama, Shangazi. Namba ile ina kwao. Nawe una kwako. Kwako ni sisi.

Mimi,
Mwanao