Mashine Waliyoifua Kama Kanzu

Baba Zuhura,

Huko uliko umeme haukatiki, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho. Mdogo wako Hamza ameifua laptopu yako.

Sijakosea neno. Kabla ya arobaini mama yako alifua nguo zako zote ili zigawiwe safi, kama ilivyo desturi. Hamza akaona na mashine ni nguo. Akaipeleka kwa fundi wa Kilole, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya chumba, akamwambia atoe kila kilichokuwa cha marehemu. Fundi akafuta vyote, akaweka Windows mpya. Ikarudi kioo giza kama ndani ya chungu. Vile vitufe vya mwanga na sauti ukibonyeza, kimya. Fundi mzima hakujua kwa nini, akasema kioo kimekufa. Na Hamza, aliyekuwa akiizungukia tangu matanga kama paka jikoni, akaniwekea mlangoni wazee wakisikia: "Chukua, shemeji, ina nongwa ya mwenyewe. Mtoto achezee."

Nikashukuru. Niliinama, wakadhani nalia.

Wamesahau nilikaa na nani. Shamba la mkonge lilipopata wenyewe wapya wakakupunguza kazini, ukaniletea mtumba huo wa Kariakoo badala ya cherehani uliyoniahidi. Nikanuna. Wewe ukanielezea nikinyonyesha, kana kwamba nimeuliza: "Kitufe kinapiga hodi tu, Mama Zuhura. Draiva, ile programu ya ndani, ndiyo inayoitikia karibu. Isipokuwemo, hodi itapigwa mpaka mgeni achoke." Sasa wao wamemtoa mwitikiaji ndani, halafu wanasema nyumba ina mashetani.

Nikakaa nayo eda nzima, nimeifunika kitambaa. Eda ilipokwisha nikamfunga Zuhura mgongoni tukaenda Kwamsisi, maana diski zako za mashine walimgawia mama yako, naye kazitundika shambani zifukuze ndege kwenye mtama. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini, sikuwa nimemwona akicheka tangu uondoke.

Diski ya draiva ilikuwa na mikwaruzo na mavi ya ndege. Nikaisugua kwa dawa ya meno. Nikajifunika kanga, tochi nimeibana kwenye kioo, maana maandishi yalikuwemo ila bila mwanga, nasoma neno moja moja. Ikakataa. Nikaisugua tena. Ikakubali... Nikabonyeza kile kitufe chenye kijua, mwanga ukapanda, ndipo nikalia. Kabla ya hapo watu walikuwa wengi mno, sikupata nafasi.

Sasa nachapa mitihani ya shule na kadi za harusi. Hamza kasikia. Kaleta maneno kwamba alinipa kwa makosa, mali ya kaka hurudi kwa ndugu, atakuja Ijumaa na wazee wale wale. Ilipokuwa maiti ilikuwa ya Zuhura, imepona imekuwa ya ukoo. Hata haya hana.

Waje. Nitawaamkia, nitawapikia wali na maharage ya nazi. Mama amesema atakaa upande wangu wa mkeka. Halafu nitamwomba Hamza arudie mbele yao maneno aliyoyasema mlangoni, basi.

Lala, mume wangu. Mwanao anaota meno, anauma kila kitu. Nakuahidi sitampazia sauti mdogo wako. Atakula, atanawa, atarudi kwake mikono mitupu.

Mkeo,
Mama Zuhura