Ukanda Wenye Mikato Sita

Ijumaa, tarehe 6, jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Uchovu wa safari umetoka? Mama mkubwa hajambo? Nadhani ameshakujazia sahani mara tatu na kukuambia umekonda, maana ndivyo anavyomwambia kila mtu.

Mimi ni mzima, isipokuwa chafya. Nimefika saa saba mchana, nikaukuta ufunguo chini ya ndoo na karatasi yako ya maagizo juu ya cherehani, umeibana kwa mkasi mkubwa. Nilitegemea nikukute wewe. Niliomba ruhusa ya leo ofisini, nikaiunganisha na sikukuu ya Jumatatu, nikapata siku nne nzima za kukaa chumbani kwako nikishona vifungo huku unanisema. Kumbe siku ninayofika mimi ndiyo uliyochagua kwenda kupumzika kwa dada yako. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Nimekupigia simu mara nne. Mama mkubwa anasema umelala, unaoga, umelala tena. Basi barua hii nitampa kondakta wa basi la asubuhi, kama tulivyokuwa tukifanya nilipokuwa shule ya bweni, na akirudi jioni unaweza kumpa jibu. Ni yuleyule, ila ameota kitambi.

Chumba chako, mama! Mtu anayefanya kazi ya kupanga mafaili hapaswi kuonyeshwa chumba kama hiki, ni ukatili. Zipu zimo ndani ya birika. Vifungo vimo kwenye kopo la maziwa pamoja na misumari na jino langu. Natumaini ni langu. Lile daftari nililokununulia mwaka juzi uandikie vipimo vya wateja, nimelikuta umelizungushia lastiki. Ukurasa wa kwanza umeandika "Daftari la Vipimo", na huo ndio mwisho wa kitabu. Ukutani zinaning'inia zilezile kanda zako za vitambaa, ukanda mmoja kwa kila mteja, zimekatwakatwa pembeni kwa mkasi, kama mikia ya mijusi.

Kesho naanza kupanga. Nitabandika majina kwenye kila droo, utake usitake.

Mwanao,
Kifungo

Jumamosi, tarehe 7

Kifungo changu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile simu nne. Sisi hatujambo. Dada yangu anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, wino ni wake. Usinipigie, koo limenikauka kwa vumbi la njiani, nasikika kama jogoo mzee.

Hilo jino ni la baba yako. Liache lilipo.

Bandika unavyotaka, ila mkasi wangu usiubandike kitu. Na kanda zangu usiziguse. Daftari linasema namba tu, lakini ukanda nikiushika mkononi namwona mtu mzima amesimama mbele yangu. Tena daftari yeyote anaweza kulifungua akasoma kiuno cha jirani yake. Kanda zangu hasomi mtu.

Sasa kazi. Kabati la kushoto lina nguo zilizokwisha, kila moja ina jina. Zipeleke zote. Kabati la kulia lina vitambaa ambavyo sijavikata. Hivyo navyo virudishe kwa wenyewe, waambie fundi anapumzika. Mama Haraka atakupigia kelele. Mwache, akichoka atanyamaza. Ukimaliza, tia cherehani mafuta, toa sindano, uifunike kwa lile shuka jeupe. Chini ya meza kuna furushi la nguo kuukuu. Usilifungue, lipandishe tu juu ya kabati. Si la mteja.

Na ulale mchana hata siku moja. Likizo si adhabu.

Mama yako

Jumapili, tarehe 8, jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Koo linaendeleaje? Mimi koo ni zima, miguu ndiyo inayowaka moto. Nimezunguka mtaa mzima na nguo mkononi kama mti unaotembea. Mwalimu wa hesabu amejaribu sketi yake mlangoni juu ya suruali, akazunguka mara mbili, akasema "Mama yako ni mchawi." Nilifurahi kama nimeishona mimi.

Vitambaa ndivyo vilivyonitia shida. Mtu ukimrudishia kitambaa hakijakatwa anakutazama kana kwamba umemletea habari mbaya. Mama Haraka alinifungulia akiwa na kijiko mkononi.

"Kinarudi hivihivi?"

"Fundi anapumzika, mama."

"Mpaka lini?"

"Hakusema."

"Mama yako," akasema, "kwa miaka kumi na minne amenichelewesha, amenidanganya Jumanne ni Alhamisi, amenivalisha harusini nguo yenye pini. Lakini kunirudishia kitambaa, hajawahi."

Nikangoja kelele. Hakupiga. Alikikunja kitambaa taratibu, akanirudishia mikononi. "Kaa nacho. Nitasubiri."

Mama Haraka, kusubiri! Nimerudi nyumbani moyo umenishuka, sijui kwa nini. Au najua. Njiani nilikuwa nahesabu: kabati la kushoto tupu, la kulia tupu, cherehani itolewe sindano. Mtu anayepumzika siku nne hatoi sindano.

Halafu kuna jambo lingine, na kwa hili nisamehe. Nilipokuwa napangusa ukuta msumari mmoja uling'oka, kanda zikamwagika chini. Nikaziokota. Mmoja ni wa zambarau, kitambaa kilekile cha gauni ulilovaa siku niliyomaliza chuo. Umesahau kwamba ulinifundisha kuzisoma nikiwa na miaka tisa? Fundo ndilo mwanzo. Mikato miwili iliyokaribiana ni kifua, mitatu ni nyonga, mmoja peke yake ni kiuno. Mteja akibadilika, unauziba mkato wa zamani kwa uzi na kukata mwingine.

Ukanda huu una mikato sita ya kiuno. Mitano imezibwa. Kila mmoja uko karibu zaidi na fundo kuliko uliotangulia. Mama, huyu mteja ni nani?

Mwanao,
Kifungo

Jumatatu, tarehe 9

Mwanangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Hapa kuna mvua kidogo asubuhi, halafu jua.

Nashukuru kwa nguo ulizozipeleka. Huyo mteja asikusumbue kichwa. Msumari urudishe mahali pake kwa kisigino cha kiatu, nyundo imepotea tangu mwaka jana. Mafuta ya cherehani yako nyuma ya redio. Usizidishe, matone mawili tu chini ya kanyagio na moja kwenye gurudumu, yakizidi yatachafua kitambaa.

Kesho ni siku ya kazi. Funga mlango, ufunguo uweke chini ya ndoo, panda basi lako mapema. Wakuu wa ofisi hawapendi mtu anayerefusha sikukuu.

Mama

Jumatatu, tarehe 9, jioni

Mama,

Shikamoo. Nimekuuliza swali moja, umenijibu kuhusu mvua.

Mwandiko wako umelala. Herufi zako zote husimama wima kama askari, leo zimeegemea upande kama watu waliochoka kusubiri. Nimesoma barua yako mara tano. Kisha nimelivuta furushi lililo chini ya meza nikalifungua. Ulinikataza, najua.

Ni magauni yako. Yote. La bluu la kuendea sokoni, la maua, lile la zambarau. Kila moja limepunguzwa ubavuni, na juu ya mshono wa kwanza kuna mshono wa pili, na wa tatu. La zambarau limepunguzwa mara tano. Na mahali pote hapo kitambaa cha ndani hukukikata. Umekikunja na kukilaza vizuri, kana kwamba siku moja utakuja kukiachia tena. Nililia hapo, mama, kwenye kitambaa ambacho hukukikata.

Nilisimama mbele ya kioo nikajizungushia ule ukanda. Ofisini wananiita sindano. Mkato wa sita haukunifika. Ilibaki nafasi ya nusu ya kiganja.

Naelewa sasa kwa nini simu hushiki. Sauti yako siwezi kudanganywa nayo. Naelewa kwa nini uliondoka siku niliyofika, na kwa nini umenipa kazi nyingi hivi: nipange, nibandike, nitembee, nisipate muda wa kukaa na kufikiri. Kwa siku tatu nimekuwa nikiifunga kazi ya maisha yako kwa mikono yangu mwenyewe, huku najisifu kwamba nafanya usafi.

Cherehani nimeitia mafuta. Sindano sijaitoa. Na sikuifunika, wala sitaifunika.

Kesho asubuhi nitaomba siku zaidi ofisini. Unaumwa nini?

Mwanao

Jumanne, tarehe 10, jioni

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa kituoni tangu saa tisa. Kondakta aliponiona alifungua mikono yote miwili kunionyesha kwamba ni mitupu. Akasema mama mkubwa alikuja mpaka dirishani, akamwambia, "Leo hakuna," akaondoka haraka.

Ningeweza kupanda basi. Nimefunga mkoba mara mbili na kuufungua mara mbili. Naogopa kufika bila kuitwa, nikuone umegeuza uso ukutani. Baba aliumwa na sikuogopa chochote. Wewe nakuogopa.

Sina la kupanga tena. Vifungo nimevitenga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa idadi ya matundu. Niandikie hata mstari mmoja.

Kifungo

Jumatano, tarehe 11

Kifungo changu,

Marahaba, mwanangu. Leo nakujibu swali lako, wala siongelei mvua.

Jana niliandika barua tatu nikazichana zote. Dada yangu amesema nikiichana ya nne ataandika yeye, na unaujua mwandiko wake, ungedhani nimeshazikwa.

Nina uvimbe ndani ya tumbo, kwa nje hauonekani, ila unanikondesha. Ulianza mwaka jana. Mimi nilidhani ni chakula, kisha nikadhani ni uzee, kisha nikaacha kudhani nikawa nakata mkato tu. Hospitali ya huku ina daktari wa upasuaji, ndiyo sababu ya safari. Ijumaa ananipasua. Ni kitu gani hasa, atajua akishafungua. Hasemi zaidi ya hapo, nami sikumlazimisha. Nilichomuuliza ni kama atanishona mshono mmoja au miwili. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha, nilitaka kujua kazi yake.

Ukanda niliutundika katikati ya kanda za wateja kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuuweka. Ulivyokuwa unazicheka kanda zangu, nilidhani shule imekufutia ile lugha. Kumbe nimejiandika ukutani mbele ya macho yako.

Sikiliza kwa nini nilikuficha. Baba yako alipougua uliacha chuo mwaka mzima. Hukulalamika hata siku moja, na hicho ndicho kilichonitisha. Ulikaa kwenye kile kiti ukimtazama mpaka ukaanza kufanana naye. Alipoondoka nilihangaika kukurudisha wewe kuliko nilivyomlilia yeye. Nikasema moyoni, mimi nikianguka, huyu sitamvuta. Afike akute chumba, asinikute mimi. Nikakupa vifungo uhesabu.

Lakini barua yako ya Jumatatu dada yangu alinisomea kwa sauti, macho yangu yalikuwa yamechoka. Alipofika kwenye kitambaa ambacho sikukikata alishindwa kuendelea. Na mimi nilishindwa kumwambia aendelee. Baadaye niliimalizia mwenyewe, mstari kwa mstari.

Hospitali wanataka nije na nguo iliyolegea, ya kuvaa baada ya kushonwa. Mimi fundi wa miaka thelathini sina nguo iliyolegea, zote nimezibana. Tena siwezi kujipima. Jana nilijaribu, mkasi wa dada yangu ukaenda kombo nikaharibu kanga yake. Bado ananinunia.

Tangu mama yangu alipokufa hakuna mtu aliyewahi kunipima. Nimewazungushia mikono wanawake wa mtaa mzima, mimi hakuna aliyenizungushia. Nilikuwa nasema nataka iwe hivyo.

Njoo unipime. Tepu usije nayo. Njoo na ule ukanda na mkasi mkubwa. Mkato wa saba utaukata wewe, popote utakapoangukia, nami nitausoma.

Mama yako

Jumatano, tarehe 11, jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kesho nitaiona.

Gauni la zambarau nimelifumua ubavuni, mishono yote mitano ya kupunguza, mpaka nikaufikia ule wa asili. Kitambaa chote kilikuwepo. Alama za sindano zimebaki, mistari mitano midogo kila upande. Nimezipiga pasi zikakataa kutoka, nikaziacha. Limelegea. Ijumaa jioni utalivaa hilo.

Ofisini nimeomba wiki moja. Wiki moja, mama, si mwaka. Nimeiandika kwenye kibandiko nikakibandika kwenye droo ya vifungo, ili ukirudi uone kwamba sikukudanganya.

Cherehani ina uzi na sindano. Kitambaa cha Mama Haraka kipo mezani, juu yake nimeweka chaki. Nilimpitia leo nikamwambia kila kitu. Alisema, "Mwambie asikimbilie kukishona," kisha akaingia ndani ghafla na hakutoka tena.

Mkasi nimeufunga kwenye taulo. Ukanda nimejifunga mkononi, mkato wa sita uko juu ya mshipa.

Barua hii kondakta hataibeba. Inakuja mfukoni mwangu. Ukishaisoma nitautoa mkasi wako kwenye taulo, nawe usimame wima, na usivute tumbo ndani.

Mwanao,
Kifungo