Jioni Niliyochomeka Pikipiki Zote

Kaka Desderi,

Tangu tukuzike mtaa hauna umeme, na aliyeuzima ni mimi. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu bado sijamwambia mtu.

Siku ya mazishi vijana wa bodaboda walisindikiza jeneza lako kwa pikipiki zao za umeme mpaka kijijini kwenu, njia ya Laela. Waliporudi jioni betri zilikuwa zimekwisha kabisa. Wakajaa uani kwenye karakana yako ya kuchajia pikipiki, macho mekundu. "Mshikaji, leo ni siku ya fundi Desderi, usitupange foleni." Sheria yako niliijua. Nne tu kwa mara moja, na jioni watu wanaposaga unga wa kupika usichomeke hata moja, maana mashine ya kusaga nayo iko laini hiyohiyo. Ulikuwa unanigombeza, "Transfoma ni ya mtaa mzima, unataka kuila peke yako?"

Lakini ningemkatalia nani, kaka, na udongo wa kaburi lako bado uko kwenye viatu vyao? Nikachomeka zote. Taa zikafifia. Mashine ikaanza kuguna. Niliona, nikasema moyoni, dakika kumi tu. Transfoma ikalipuka.

Kulikuwa na mawingu, basi watu wakasema ni radi ya kutumwa. Wakamtaja jirani yako Mzee Ozwadi, mliyegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja, kwa kuwa hakuja msibani. Sasa wanasema hata wewe ni yeye aliyekumaliza. Na mimi ndiye niliyekushika mkono hospitali. Nilikisikia kifua chako kikigoma kuvuta pumzi.

Juzi wamepiga bati lake mawe. Mkewe amekimbilia Mtowisa, mzee amebaki peke yake, mlango kaufunga. Mkeo anabeba mahindi kichwani kwenda kusaga mtaa wa mbali, na akinikuta ananiambia, "Shemeji, yule mzee hatatuacha." Nainamisha kichwa. Kila siku nainamisha kichwa.

Mimi mtu wa Lindi, nimeishia darasa la tano, hapa sina ndugu. Ulinipokea natetemeka kwa baridi, ukacheka, "We wa korosho, huku tunavaa koti hata kuoga!" Nani atacheka na mimi tena? Nikisema ukweli, mawe yatahamia kwangu. Nikinyamaza, watamuua mzee wa watu.

Kesho asubuhi mwenyekiti ameita mkutano wa mtaa. Wanataka mzee ahame. Nitasimama kabla hawajamtaja. Nitasema zilikuwa pikipiki ngapi, na kwamba mkono uliozichomeka ni huu wangu. Wakiniuliza kwa nini, nitasema tulikuwa tunakulilia.

Pumzika, kaka. Naogopa. Lakini nakuahidi, Mzee Ozwadi hatahama kwa kosa langu.

Mdogo wako,
Saidi