Amefika Umri Ule

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu katimiza miaka kumi na miwili. Keki, puto, kelele. Nacheka, lakini roho iko juu. Kumi na miwili! Umri ule ule nilioanza mimi kung'oa nywele. Nakumbuka darasa, mtihani wa hesabu, vidole vikitafuta unywele mmoja mgumu — tap! — raha ya kufumba na kufumbua. Mpaka leo sijaacha. Utosi mtupu, kilemba juu yake. Na kazi yangu ni ususi! Mungu naye ana utani.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Hatimaye. Daktari, mama mmoja mpole mwenye raba za mazoezi, kauliza nilianza lini. Nikamwambia. Hakushtuka hata kidogo: wengi huanza kwenye umri huo, kumi mpaka kumi na tatu hivi. Kasema ni ugonjwa, si ukaidi.

Nililia kwa kwikwi. Marehemu mama alinichapa vidole kwa mwiko, nami nikaamini nastahili.

Kisha nikauliza lililonipeleka. Mtoto hurithi? Anaweza, kasema, si lazima. Nisimchunge kama polisi. Nizungumze naye.

Nizungumze naye! Mtoto hajawahi kuniona kichwa wazi.

Alhamisi, 6 Machi
Yuko shule. Nimekagua mto wake, shuka, chanuo, nyuma ya kitanda. Hakuna kitu. Polisi kamili. Najionea aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Saluni imefurika. Mteja wangu wa siku zote, yule mwalimu mwenye mdomo, kanitania: sote unatusuka, zako unamfichia nani? Nikajibu namfichia mume wake. Vicheko mpaka barabarani! Binti alikuwa ananichambulia rasta. Yeye hakucheka. Alinitazama tu.

Jumapili, 9 Machi
Siku yake ya kusukwa. Kaja na kigoda chake, kakaa katikati ya magoti yangu kama kawaida. Lakini kofia ya sweta kichwani, na joto lote hili! Mkononi kashika kilemba changu cha bluu. Eti leo nisimsuke, nimfunge kama mimi.

Kwa nini, mwanangu?

Akasema, bila kugeuka, kwamba mimi watu wakiniuliza nacheka tu, basi yanaisha.

Ee Mungu wangu. Sikumpa ugonjwa tu — nimemfundisha na kuuficha.

Nimemwambia anisubiri, nafuata pini. Niko chumbani, naandika nimesimama. Moyo umenipasuka vipande. Pini ziko mezani, sijazigusa. Nimefungua kilemba changu. Mchana kweupe, mlango wazi, upepo wa dirishani unanipiga utosini. Ananiita. Mama, mbona unachelewa? Nimeitika. Nasikia kigoda kinasogezwa, anakuja mwenyewe —