Nyumba ya Fundi wa Kanisa

Jumapili, 3 Julai 1949

Baridi! Ukungu umelala juu ya vilima vya Nyaramba tangu alfajiri. Kwetu ziwani hatujui baridi ya namna hii – inaingia kwenye mifupa na kufanya makao.

Pasta yuko safarini, kwa hiyo Mzee Angwenyi ndiye aliyehubiri. Neno lilikuwa kuchukuliana mizigo. Sauti tamu kabisa! Baada ya ibada akanifuata mlangoni, akauliza Ogada anaendeleaje. Nikamwambia mume wangu bado hawezi kusimama, nyonga haijaunga. Akatikisa kichwa. Akasema basi, mama, fundi mpya anakuja kumalizia kanisa, na nyumba mnayokaa ni ya fundi. Tuhame Ijumaa ya wiki ijayo.

Ya fundi! Na Ogada ni nani – mpishi? Ukuta wote wa mbele ni kazi ya mikono yake. Alianguka kutoka ukuta huohuo mwezi wa tano, miti ya kusimamia ilipovunjika. Na alikuwa amewaambia imeoza! Nilimkumbusha Mzee. Akasema Mungu ana mipango yake.

Sitaki kusikia habari ya mipango.

Naandika Kiswahili kwa sababu Ogada anasoma Kiluo tu. Hasira hizi ni zangu peke yangu.

Jumanne, 5 Julai

Nimemwambia Ogada. Akasema turudi kwetu Kendu. Tutarudije? Nikimgeuza tu kitandani analia kama mtoto, na barabara yote ni matope. Nimempigia kelele. Kisha nikatoka kupasua kuni zilizolowa, hazikuwaka.

Jumatano, 6 Julai

Mkutano wa akina mama. Nilikuwa sitaki kwenda. Tangu tuje huku nakaa benchi la nyuma. Wanaongea Kikisii, wanacheka, mimi natabasamu tu kama mjinga.

Leo kila mmoja alitakiwa kusema haja yake tuombe. Mwenye ng'ombe mgonjwa, mwenye mkwe mkorofi. Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikasema: haja yangu ni Mzee Angwenyi, anatutoa nje na mgonjwa katika baridi hii.

Nyanchera, mke wake, alikuwa palepale, anaangalia vidole vyake. Sikungoja amina. Nikaondoka.

Alhamisi, 7 Julai

Asubuhi nikasikia hodi. Persis, yule mjane anayeuza ndizi sokoni, na mzigo wa kuni kavu kichwani.

"Dada Syprose, jana ulitoka mbio. Sisi tulikuwa bado tunaomba."

Nikamjibu maombi hayazuii mvua.

"Ndiyo maana nimeleta kuni," akasema, akaingia bila kukaribishwa. "Hii nyumba yako iko baridi sana! Hata ya mbuzi yangu iko mzuri."

Akawasha moto. Akanionyesha namna ya kupitisha mikono miwili chini ya nyonga – alimuuguza mumewe miaka mingi – tukamgeuza Ogada pamoja. Hakulia.

Lakini nilimuuliza. Wiki zote hizi mlikuwa wapi? Akaona haya. Akasema waliambiwa Wajaluo wa sokoni wanatutunza, hatutaki watu wengine. Waliambiwa! Na nani? Hakutaja jina. Hakuna haja.

Nilikasirika hata nikashindwa kula. Persis akanimenyea kiazi, akakitia mkononi mwangu. Nikala.

Jumapili, 10 Julai

Persis alinishika mkono akanivuta mpaka benchi la mbele. Upande wa pili Bosibori, msichana mwenye sauti kubwa kuliko mwili, akanifunika nusu ya blanketi lake. Nyimbo za Kikisii nusu sizielewi. Nimeimba hivyohivyo. Mzee Angwenyi alisoma matangazo yote bila kunitazama hata mara moja.

Nilipata joto. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kupata joto.

Jumatatu, 11 Julai

Mzee Angwenyi amekuja mwenyewe. Hakuketi. Ati nachochea wanawake, ati kanisa si mahali pa ugomvi. Nikafungua mdomo – na Ogada akaniwahi akiwa kitandani: "Mzee, nionyeshe basi kibanda chochote. Hata pa kuwekea saruji."

Ardhi ingepasuka ningeingia! Mume wangu, aliyewajengea nyumba ya Mungu, anaomba alale na saruji! Mzee akasema ataliombea jambo hilo. Ijumaa iko palepale.

Ijumaa, 15 Julai

Mkokoteni uko nje. Naandika nimekaa juu ya sanduku langu, na hakuna atakayelibeba, maana nyumba imejaa. Walikuja asubuhi mmoja mmoja kwenye ukungu. Persis, Bosibori, wengine hata majina yao siyajui. Wamekaa sakafuni, wamekaa mlangoni, wanaimba. Wa mwisho alikuwa Nyanchera. Hakusalimia mtu. Akaketi kitandani miguuni pa Ogada.

Mumewe akamwita kutoka nje. "Nyanchera, toka humo."

"Huyu mgonjwa akitoka, na mimi nitatoka."

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Wewe ndiye uliyeita mkokoteni," akasema, akashika wimbo tena.

Mwenye mkokoteni amewafungua ng'ombe wake wale majani. Mvua imeanza. Mzee Angwenyi haingii na haondoki. Amesimama tu uani.

Persis amepika uji wa wimbi, kila mtu amepata. Sasa ananiambia: "Mpelekee na yeye."

Mimi! Nimpelekee mimi!

"Kwa nini usimpelekee wewe?"

"Kwa sababu nyumba ni yako."

Nimemimina. Kikombe kiko hapa kando yangu, kinatoa mvuke. Namwona kupitia mlangoni, koti limelowa, mabega yanatetemeka. Vizuri! Atetemeke. Ogada ananitazama. Nimekiinua. Nimekirudisha chini. Kinapoa –