Mtani Aliyefunga Mlango

Makole,
Dodoma.
16 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Restuta,

Shikamoo. Habari za Songea? Mjomba Stanley hajambo? Na goti lako je, bado unalisugua kwa mafuta ya nyonyo, au umeshakubali kwenda hospitali kama mtu mzima mwenye akili?

Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii. Leo nimefua nguo zilizokuwa safi, nikafagia chumba ambacho Nasra alikuwa ameshakifagia, mpaka akanifukuza nje. Nasra ndiye mwenzangu wa chumba, Mrangi wa Kondoa, tunasoma naye darasa moja.

Nyumbani Bahi wanasema mvua inasuasua lakini mtama umeanza kutoa masuke. Mama anashinda shambani akifukuza ndege.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Kwenye simu nitalia, nawe unajua nikianza kulia siwezi kumaliza sentensi.

Unamkumbuka yule Mhehe, mtani wetu sisi Wagogo, aliyelala kaburini kwenye msiba wa babu, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo? Watu walicheka hadi mchungaji akageukia pembeni. Baba naye, ambaye mbele ya mtani hajui kunyamaza, akapaza sauti kwamba jogoo hakuna, achukue binti, Flaviana awe mkewe. Hata wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Yule bwana anaitwa Sebastiani, na sasa ni mwalimu wangu hapa chuoni.

Tangu apangiwe kusimamia utafiti wangu na wa Nasra, ananiita "mke wangu" kwenye korido, na wenzangu wanaangua kicheko. Nikavumilia. Nani anamkasirikia mtani? Kumbe mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwezi uliopita aliniita ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo, akanishika kiuno. Akasema kazi yangu haitasomwa mpaka niende kwake Jumamosi, maana mke hulala kwa mumewe. Nilimsukuma, kiti kikaanguka, nikageuza ufunguo mwenyewe nikatoka. Shangazi, nilifika barabarani nikashindwa kuvuka kwa hasira.

Nilikaa na jambo hilo moyoni kwa muda. Nasra ndiye aliyenibana nikasema, kisha akaniambia naye aliwahi kuitwa ofisini humo humo na kuambiwa habari hizo hizo za Jumamosi. Na Nasra si mtani wake hata kidogo!

Tukaenda pamoja kwenye dawati la jinsia la chuo. Mama Anastazia, anayepokea malalamiko, alitusikiliza bila haraka, akaandika, akatusomea alichoandika ili turekebishe. Wiki hiyo hiyo tulipewa msimamizi mwingine. Nasra amebandika namba ya dawati kwenye milango ya vyoo vya wasichana. Kuna mtu anazichana, na yeye anabandika nyingine. Kamati itakaa tarehe 27.

Sasa sikia utetezi wake. Anasema huu ni utani wa kabila, na shahidi wake ni baba yangu mzazi, aliyenitoa mwenyewe mbele ya waombolezaji. Kamati imemwita baba.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Baba alinipigia akiwa mkali. Anasema mtani hashtakiwi, na tukianza kushtaki watani, siku tukifiwa nani atakuja kutuchekesha? Anataka nifute malalamiko, wazee wakae, Sebastiani atozwe mbuzi, yaishe. Lakini mbuzi ataliwa jioni moja, na mwalimu atarudi ofisini kwake na ufunguo wake. Nikamjibu kwamba yeye ametania watu misibani maisha yake yote, na sijawahi kumwona akimfungia mtu mlango ili amtanie. Akakata simu.

Barua hii nilitaka iwe ya kukuomba uzungumze naye, maana wewe dada yake ndiye pekee unayeweza kumgombeza akakaa kimya. Nilikuwa nimefika hapa, simu ikaita. Ni yeye, hata salamu hakutoa.

"Siku ile kaburini," akaniuliza, "wewe ulicheka?"

"Hapana, baba. Niliangalia chini."

Nikasikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma yake. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nawaangalia watu. Wewe sikukuangalia." Akauliza kamati inaanza saa ngapi, akaaga.

Sijui atakuja kusema nini, nami sikuthubutu kumwuliza. Watani wameshamfuata nyumbani wakimwomba asiwaaibishe, na unajua baba hapendi kuonekana ameharibu desturi. Kwa hiyo ombi langu liko pale pale, Shangazi. Ukiipata barua hii mpigie, usingoje Jumapili.

Msalimie sana Mjomba Stanley. Mwambie binti yako Hilaria, kama bado anataka kuja kusoma huku mwakani, aje, asitishwe na haya. Msalimie na kaka Joshua, na umbusu mtoto wake ambaye sijamwona. Nasra anakusalimu ingawa hamjuani.

Mungu akutunze, akupe usingizi, na ukibaki kidogo anitumie na mimi. Tarehe 27 nitaingia kwenye chumba cha kamati hata kama baba atakaa upande wa mwalimu. Ila nataka akae upande wangu, Shangazi. Nataka hivyo kuliko ninavyotaka kushinda.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,

Flaviana