Diski Yenye Majina ya Makaburi

Baba,

Fundi Hamisi amesema leo saa nne asubuhi, kibandani kwake Singida mjini, kwamba diski ya kompyuta yako inaweza kuwaka mara moja tu tena. Inaweza pia isiwake. Nimemuuliza mara mbili, kama ninavyouliza watu kazini, na jibu halikubadilika.

Hujui yaliyotokea, kwa hiyo naanza mwanzo. Barabara inapanuliwa na itapita kwenye makaburi yetu hapa Mungaa. Wiki iliyopita wapimaji walipaka namba nyekundu kwenye mawe, moja mpaka tisa. Jumamosi hii yanafukuliwa. Kaburi lenye jina litahamishwa peke yake. Yasiyo na jina yataingia shimo moja.

Mama anayajua manne: lako, la babu, la bibi na la baba mdogo. Matano yaliyobaki kwake ni mawe tu. Moja kati ya hayo ni la mtoto wenu wa kwanza, kaka yangu aliyeishi siku sita. Mama alikuwa bado ndani kwa uzazi, hakuruhusiwa kutoka, na wanawake wakubwa walimzika mtoto wenyewe. Hajawahi kuonyeshwa jiwe. Aliyejua ni shangazi, naye alitangulia kabla yako.

Ulimtembeza shangazi pale ukamrekodi kwa simu, akitaja jiwe moja moja kuanzia upande wa zizi. Ukaihamishia sauti kwenye kompyuta. Simu ikaibiwa mnadani. Uliniambia utamwambia Mama siku utakayoweza. Hukuweza, na mimi nikakaa kimya pamoja nawe.

Jumapili nilikwenda kuinakili ile sauti. Kompyuta ilichukua dakika kumi na moja kuwaka. Mama akasema, "Ipige ubavuni, baba yako alikuwa anaipiga inatii." Sikuipiga. Nilifanya kibaya zaidi. Kioo kiliandika kwamba diski ina makosa, je, irekebishwe? Nikakubali. Ilipomaliza, faili la shangazi lilikuwepo kwa jina lakini halikufunguka. Ikauliza tena, nikakubali tena. Ndipo ikaanza kulia: ka, ka, ka, inanyamaza, ka, ka, ka. Mama aliacha kuchambua maharage akanitazama. Nikazima.

Hamisi alianza na waya. Akabadilisha, mlio uleule. Akaifunga diski kwenye kompyuta nyingine, mlio uleule. Akaikagua na kukuta sehemu nyingi hazisomeki, na kila inapowashwa zinaongezeka. "Dada," akasema, "ikilia hivi hairekebishwi, inanakiliwa kwanza. Wewe umemchezesha ngoma mgonjwa." Wateja wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikaacha.

Lakini haikuanza Jumapili. Nyuma ya kioo nimekuta karatasi umeibandika, mwandiko wako: "Inalia. Usizime." Ulijua. Ile flashi niliyokuletea Krismasi ili unakili vitu vyako nimeifungua. Imejaa nyimbo za kwaya, basi.

Sikulaumu. Kosa la Jumapili ni langu na sitaliandika kwa jina la mtu mwingine.

Jana nilimwambia Mama kilichomo kwenye diski. Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo baba yako alikuwa anajua, tunakula naye kila siku?" Nikasema ndiyo. "Na wewe?" Nikasema na mimi. Akachukua kitenge chake akaenda makaburini peke yake. Aliporudi, kitenge kilikuwa na udongo kwenye magoti. Sikumuuliza alipiga magoti kwenye jiwe lipi. Nadhani hata yeye alichagua tu.

Tangu hapo haongei nami zaidi ya salamu. Asubuhi nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kufagia.

Diski mpya ya kunakilia inatoka Dodoma kwa basi kesho. Ijumaa saa tatu asubuhi Hamisi ataiwasha yako, na ataanza na faili la shangazi, kabla ya picha, kabla ya barua zako. Nitakaa pembeni na daftari. Nakuahidi hivi: nitakachosikia ndicho nitakachompelekea Mama. Nisiposikia kitu, sitambunia jiwe lolote ili atulie, hata akiniomba. Na anaweza kuniomba, Baba. Nimemwona anavyoniangalia.

Pumzika hapo ulipo kwa siku hizi mbili zilizobaki. Jumamosi saa moja asubuhi wanaanza na namba moja. Namba moja ni wewe.